Mdudu wa Kifua Kikuu Akikosa Hewa



Kuna swali moja ambalo sisi waganga wasaidizi wa zahanati za vijijini tunaulizwa kila mara. Linakuja mwezi wa pili au wa tatu wa matibabu ya kifua kikuu. Kikohozi kimekata. Jasho la usiku limekwisha. Nguo zilizokuwa zinampwaya mgonjwa sasa zinambana. Mzee anakaa kwenye benchi, anavua kofia, anasema: "Mwanangu, mimi nimepona. Hata makohozi mmepima, mmesema hayana kitu. Sasa hivi vidonge vya miezi minne mingine ni vya nini?"

Swali hili ni la haki. Mtu mzima hawezi kumeza dawa kwa sababu tu ameambiwa ameze. Wengine hawaulizi hata hilo swali. Wanaacha kuja, basi. Baada ya miezi kadhaa wanarudi wakiwa wamekonda kuliko mwanzo, na mtoto mmoja nyumbani anakohoa.

Jibu liko ndani ya mdudu mwenyewe. Akikosa hewa, mdudu wa kifua kikuu hubadili protini zake, anajificha na kungoja. Somo letu la leo ni hilo. Lina maneno machache mageni, lakini tutakwenda nayo polepole.

MDUDU MWENYEWE

Kifua kikuu huletwa na kiumbe hai kidogo sana aitwaye bakteria. Chukua rula ya mwanafunzi, utazame milimita moja. Igawe milimita hiyo vipande 1,000. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa vipande 2 hadi 4 tu. Huonekana kwa hadubini, tena baada ya makohozi kupakwa rangi. Daktari Robert Koch wa Ujerumani ndiye aliyetangaza kumgundua, mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882.

Mdudu huyu hupenda hewa. Katika hewa tunayovuta mna oksijeni, na yeye huitumia kama sisi tunavyoitumia, ili kupata nguvu kutoka katika chakula chake. Ndiyo maana huyapenda mapafu, hasa sehemu ya juu. Wala hana haraka. Baadhi ya bakteria wa tumboni wakipata chakula na joto zuri hugawanyika, mmoja akawa wawili, kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja.

Tusimchanganye na mdudu wa pepopunda. Kwa yule, oksijeni ni sumu, na ndiyo sababu pepopunda hupenda kidonda kirefu kilichoziba, kama cha msumari. Mdudu wa kifua kikuu anaihitaji hewa ili akue na kuzaana. Ajabu yake ni kwamba hata akinyimwa hewa hafi kwa urahisi.

MWILI UNAJENGA UKUTA

Mgonjwa asiyetibiwa akikohoa, hutoa vitone vidogo vyenye bakteria. Mwingine huvivuta pamoja na hewa. Vikifika ndani kabisa ya mapafu, askari wa mwili, yaani chembe za damu zinazotukinga, humkamata bakteria na kummeza. Bakteria wengine hufa humo. Wengine hukaa ndani ya askari yule yule aliyewameza.

Hapo mwili huita askari zaidi. Huja, huzunguka mahali pale, hushikana, na kujenga ukuta. Ukuta huo huwa kama kidonge kigumu ndani ya pafu. Tukiite kinundu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vinundu kadhaa bila kuhisi chochote.

Sasa tazama kinachotokea katikati ya kinundu. Oksijeni hubebwa na damu. Katikati ya kinundu hakuna mishipa ya damu, na kila ukuta unavyonenepa, oksijeni inayopenya hupungua. Mara nyingi nyama ya katikati hufa, ikawa nyeupe na laini kama maziwa yaliyoganda. Mdudu mpenda hewa amefungiwa mahali pasipo na hewa. Ungetegemea afe.

KAMONGO NA MRIJA WA KIOO

Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanamjua kamongo. Bwawa likikauka ghafla na kamongo akabaki juu ya mwamba, jua litamuua. Lakini likikauka polepole, huchimba matopeni, hujifunika kwa ute unaokauka kama ngozi, hupunguza kupumua, na kulala humo mpaka mvua irudi. Samaki ni yule yule. Kilichomwokoa ni kupata muda wa kujiandaa.

Mwanasayansi wa Marekani, Lawrence Wayne, alionyesha kwamba bakteria wa kifua kikuu wana tabia ya namna hiyo. Aliwaweka ndani ya mirija ya kioo yenye chakula chao, akaiziba kabisa. Bakteria walitumia oksijeni iliyokuwemo, ikapungua kidogo kidogo. Katika baadhi ya mirija alitia rangi ya buluu ambayo hufifia oksijeni ikiisha, kwa hiyo aliweza kuona kwa macho. Bakteria wakaacha kuzaana, lakini wakabaki hai kwa muda mrefu. Waliponyimwa oksijeni kwa ghafla, walikufa wengi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi, na maelezo yanayojulikana zaidi aliyatoa mwaka 1996.

Kinundu cha mwili wetu hujengwa polepole. Kwa hiyo mdudu hupata muda, na muda huo huutumia kubadili protini.

PROTINI NI NINI HASA?

Katika masomo ya lishe tulijifunza kwamba protini ni chakula cha kujenga mwili, nayo imo katika maharage, dagaa, mayai na maziwa. Hiyo ni kweli, lakini si habari yote. Kila kiumbe hai hujitengenezea protini zake mwenyewe, za aina maelfu, na hizo ndizo vyombo vyake vya kazi. Kuna protini iliyo kama jembe, iliyo kama mlango, iliyo kama mlinzi. Hata wekundu wa damu yetu, ule unaobeba oksijeni, ni protini.

Maagizo ya kutengeneza protini zote mdudu anayo ndani yake, kama kitabu. Kitabu cha bakteria wa kifua kikuu kilisomwa chote mwaka 1998, wakakuta maagizo yapata 4,000. Lakini hayatumii yote kwa wakati mmoja. Wewe mkulima unalo jembe, unacho kisu cha kuvunia, unayo magunia. Wakati wa kulima magunia yamekunjwa ghalani. Wakati wa kuvuna jembe limeegemezwa ukutani. Mdudu naye ana vyombo vya msimu wa hewa na vyombo vya msimu wa kukosa hewa.

Nani humwambia kwamba msimu umebadilika? Anao walinzi wawili, nao ni protini. Wataalamu wamewapa majina ya DosS na DosT. Ndani ya kila mmoja mna chembe ya madini ya chuma, imeshikwa kwa namna inayofanana na ile ya wekundu wa damu yetu. Oksijeni ikiwepo, mlinzi hutulia. Ikipungua, umbo la mlinzi hubadilika kidogo, naye hupiga mbiu. DosT huanza mapema. DosS huendeleza hewa inapozidi kupungua. Mbiu hiyo hupokelewa na protini ya tatu, iitwayo DosR. Yeye huenda moja kwa moja kwenye kitabu cha maagizo na kufungua kurasa zilizokuwa zimefungwa. Maagizo karibu 50 huanza kusomwa kwa pamoja. Herufi hizi usizikariri, hakuna mtihani. Shika tu kwamba mdudu ana walinzi na mpeleka habari, na kwamba kukosa hewa kwake kuna utaratibu uliopangwa.

Walinzi hao pia huamshwa na hewa ya sumu, oksidi ya nitriki, ambayo askari wetu wa mwili huitoa ili kumuua. Silaha yetu wenyewe humpa mdudu habari kwamba vita imeanza!

Katika protini hizo mpya, ziko zinazostahili kutajwa. Mojawapo hutengenezwa kwa wingi sana, na kazi yake ni kuzilinda protini nyingine zisiharibike na kuganda wakati mdudu amelala. Ni ya ukoo mmoja na protini iliyomo ndani ya lenzi ya jicho la binadamu, ile inayosaidia lenzi ibaki angavu miaka mingi. Nyingine hutengeneza mafuta na kuyaweka akiba ndani ya mwili wa mdudu, kama sisi tunavyoweka mahindi kihengeni. Nyingine ni mlango wa kuingizia naitreti. Naitreti ni chumvi ambayo wakulima wanaijua ndani ya mbolea ya CAN, na kiasi kidogo kimo pia katika miili yetu. Mdudu akikosa oksijeni anaweza kuitumia naitreti badala yake, ili maisha yasikatike kabisa.

Upande wa pili, hupunguza protini za kukua. Hagawanyiki. Hajengi ukuta mpya wa mwili wake. Hata oksijeni iliyobaki kidogo hujua kuinasa, kwa chombo kingine cha kupumulia ambacho hufanya kazi penye hewa haba.

DAWA INAMTAFUTA FUNDI ALIYEACHA KUJENGA

Sasa turudi kwa mzee wetu na vidonge vyake.

Miezi 2 ya kwanza mgonjwa hupewa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Siku hizi zote nne huwekwa pamoja ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo mgonjwa huona ni dawa moja. Miezi 4 inayofuata hubaki rifampisini na isoniazidi.

Isoniazidi humpiga mdudu pale anapojenga ukuta wa mwili wake. Kwa wale wanaozaana ni dawa kali sana. Siku chache za mwanzo huwaua kwa wingi mno. Ndiyo sababu homa hushuka, hamu ya kula hurudi, na kikohozi hupungua. Lakini yule aliyelala hajengi ukuta. Fundi asiyejenga huwezi kumkamata juu ya jukwaa. Dawa inampitia, naye yupo.

Pirazinamidi huwaandama wale wazembe walio katika mazingira yenye uchachu. Rifampisini huzuia kusomwa kwa kitabu cha maagizo. Mdudu aliyelala naye hulazimika kukisoma mara moja moja, angalau kidogo, na hapo ndipo rifampisini humnasa. Lakini kwa kuwa anakisoma kwa nadra, inabidi dawa iwepo kila siku ikimngojea. Huwezi kuvizia mwizi siku tatu, ukalala siku nne, ukasema ulinzi upo.

Na makohozi yaliyopimwa yakawa safi? Hadubini ina kikomo chake. Ili mpimaji aone bakteria, kwa kawaida inatakiwa wawepo 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Mililita moja ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Wakiwa 500, mpimaji mwaminifu ataandika kwamba hakuona kitu, na atakuwa amesema kweli. Waliofungiwa ndani ya vinundu hawatoki katika makohozi kabisa.

Tusisahau kwamba miezi 6 ni nafuu kubwa. Hapo zamani matibabu yalichukua mwaka mzima, hata mwaka na nusu, pamoja na sindano nyingi za streptomaisini. Majaribio makubwa ya kufupisha muda huo kwa kutumia rifampisini na pirazinamidi yalifanyika kwetu, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 1972. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio waliosaidia dunia kujua kwamba miezi 6 inatosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali muda wa miezi 4 kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa usio mkali, na kwa baadhi ya watu wazima kwa mchanganyiko mwingine wa dawa. Usijipangie mwenyewe kwamba wewe ni mmoja wao. Muda wako umeandikwa kwenye kadi yako.

TANURI LIKIPASUKA

Wachoma mkaa wataelewa jambo hili kuliko mimi. Tanuri limefunikwa kwa majani na udongo. Moto umo ndani, hauwaki, hauzimiki. Mchomaji hulilinda usiku na mchana, kwa sababu udongo ukipasuka mahali pamoja hewa huingia, na kabla hajapata koleo magogo yote yanawaka.

Kinundu ni tanuri la namna hiyo. Kinga ya mwili ikiwa na nguvu, ukuta hukaa. Watu walio na bakteria waliolala ni wengi mno; hukadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa. Katika kila watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 huugua wakati fulani wa maisha yao. Waliobaki hawaumwi, na asiyeumwa hamwambukizi mtu. Lakini virusi vya UKIMWI, kisukari, njaa ya muda mrefu, pombe nyingi au uzee vikidhoofisha kinga, ukuta huoza. Kinundu hulainika, hupasukia katika njia ya hewa, na oksijeni huingia. Walinzi wa mdudu hutulia. Vyombo vya msimu wa hewa hutolewa tena. Anazo hata protini maalumu za kuamshana. Huanza kuzaana kwa wingi, na sasa mlango wa kutokea uko wazi: kikohozi.

Anaweza kungoja muda gani? Huko Denmark wataalamu walilinganisha bakteria wa mgonjwa mmoja na bakteria wa baba yake waliokuwa wamehifadhiwa tangu zamani. Walikuwa wale wale. Mtoto alikuwa ameugua miaka 33 baada ya baba. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2002.

Hatari ya kuacha dawa katikati inaonekana hapa. Waliobaki wakiamka, ugonjwa unarudi. Na mgonjwa anayemeza leo na kuruka kesho huwapa nafasi ya kuzaana wale wachache ambao dawa haiwadhuru sana. Ugonjwa ukirudi kwa njia hiyo unaweza kuwa sugu, na kifua kikuu sugu kina dawa zake, ngumu zaidi. Iko moja, bedakwilini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012, ambayo hukizuia chombo cha mdudu cha kutengenezea nguvu. Hata aliyelala anahitaji nguvu kidogo ili asife, kwa hiyo naye inampata. Ni dawa nzuri, lakini afadhali usifike huko.

MAMBO YANAYOWATOA WATU NJIANI

Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Wengi wamekimbia dawa kwa ajili ya rangi hiyo, na ni makosa yetu sisi watoa dawa tusipowaambia mapema. Lakini macho yakiwa ya manjano, au ukitapika mfululizo, njoo zahanati siku hiyo hiyo. Miguu ikifa ganzi sema, iko vitamini ya kusaidia. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amwambie mganga, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Ukisafiri kwenda msibani au kwenye kilimo cha mbali, pita zahanati kwanza uchukue vidonge vya siku hizo. Ukisahau siku moja, usimeze vya siku mbili kwa pamoja. Endelea, na utoe habari. Ukikosa siku kadhaa, usione haya, rudi upesi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Nyumbani, fungueni madirisha. Hewa nyingi haimuui mdudu huyu, maana yeye ni mpenda hewa, lakini humtawanya, na jua humuua. Watoto wadogo wa nyumba hiyo na mtu yeyote mwenye virusi vya UKIMWI waletwe wapimwe hata kama hawakohoi. Wakionekana hawaumwi, wanaweza kupewa dawa ya kinga, ili wale waliolala wasije wakaamka.

Kwa vikundi vya kisomo: jirani yenu yuko mwezi wa tatu wa matibabu, ameitwa kusaidia mavuno kijiji cha mbali, na vidonge vyake vimebaki vya siku mbili. Jadilianeni mtamshauri nini, na nani kati yenu atampeleka zahanati kabla hajaondoka.